Ukurasa wa Jamaa: Mezani pa Watu

Mwezi huu hatutasema juu ya mapishi ya nyumbani, bali juu ya chakula cha kununua. Shule zilipofunga tuliwaahidi watoto wetu ya kuwa siku moja jiko la nyumba yetu halitawashwa tangu asubuhi hata magharibi. Tutatoka sote, tukale katika hoteli za mji wetu wa Mombasa, hapa kidogo na pale kidogo, ili mama yao naye apate siku moja ya kuketi na kuletewa. Tuliichagua Jumamosi, tukatoka watu sita: sisi na mama watoto, binti yetu wa miaka 16, kijana wetu wa miaka 12, kitinda mimba wa miaka 6, na bibi yao, ambaye ni mama yetu mzazi. Tulitenga shilingi 4,000, tukaazimia zisivuke.

Kijana alikuwa amejitayarisha tangu usiku. Alitwaa daftari akapiga mistari, akafanya nyumba tano: ladha, usafi, wepesi wa kuletewa, bei, na adabu ya wahudumu. Kila nyumba alama kumi, jumla hamsini. Twakiri kuwa tulimsifu kwa hayo, tukaona ni njia njema ya kumfunza hesabu, tena tukamwazima kalamu yetu ya wino.

Saa mbili kasorobo tulikuwa tumekwisha keti katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Hapo hapana haja ya kuuliza kuna nini, kwani kuna mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi kavu hurowekwa usiku kucha, zikachemshwa hata zikalainika, kisha zikatiwa tui jepesi, na mwisho tui zito, ambalo halitaki kuachwa likatokota kwa nguvu lisije likakatika. Hamri nalo lataka iliki iliyotwangwa siku ile ile, na unga uliokandwa kwa tui ukaachwa uumuke. Likipata mafuta ya moto wa kutosha hufura likawa na uwazi ndani, nao ndio mahali pa kutilia mbaazi. Kitinda mimba alikuwa ameuma mara tatu ndipo akakumbuka kuwa hakusema Bismillahi, akatutazama kwa khofu. Tukamfunza ya kuwa aliyesahau mwanzo husema Bismillahi awwalahu wa akhirahu, akaendelea na kula kwa furaha. Mama watoto hakuweza kuketi. Mhudumu alipokuja kuondoa sahani alikuta zimekwisha pangwa moja juu ya nyingine, na meza imepanguswa. Kijana akaandika alama 43.

Kutoka hapo tuliingia vichochoroni mpaka kwa mama mmoja, mtu mzima, auzaye viazi vya karai katika sebule ya nyumba yake. Pana mabenchi mawili na meza moja. Hiyo nayo ni hoteli, na kwa maoni yetu ni hoteli kuliko zile zenye vioo, maana aliyepika ndiye akuleteaye, na ndiye apokeaye fedha yako. Viazi huchemshwa, vikamenywa, vikachovywa katika uji wa unga uliotiwa manjano na chumvi, kisha vikakaangwa katika karai la mafuta mengi, vikaliwa kwa ukwaju. Lakini siku ile uji ule haukuwa sawa. Ulikuwa mzito, ukanywa mafuta, na kiazi kimoja kati ya vyetu kilikuwa kigumu ndani.

Kijana akafungua daftari, akasema kwa sauti ile aliyozoea kusemea uwanjani: “Mbili! Ladha mbili. Unga mtupu na mafuta!” Dada yake akacheka. Mama yule alikuwa hatua tatu tu kutoka mezani, ametupa mgongo. Mkono wake wenye kijiko cha matundu ulisimama juu ya karai, kisha ukaendelea na kazi yake.

Aliyesema neno alikuwa bibi yao. Alikuwa amekwisha maliza sahani yake yote, akainuka kwa taratibu, akamwambia yule mama: “Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Nimekula, nimeshiba.” Akajibiwa: “Ahsante, mama. Karibuni tena.” Kisha yule mama akafunga viazi viwili katika karatasi, akampa kitinda mimba bila ya kuvitia katika hesabu. Sisi, tulioshika fedha na tuitwao baba, hatukusema lolote. Tulilipa shilingi 300 tukatoka. Twaliandika hili kwa haya.

Tulikwenda tukaketi kivulini karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Tulikusudia kuwasimulia watoto khabari za ngome, lakini bibi yao alitutangulia. Alimwita mjukuu wake, akamwambia: “Wajua ya kuwa mimi nami nilipata kuwa hoteli?”

Kijana akacheka. Bibi akamweleza kuwa alipofiwa na mumewe alikuwa akiuza mahamri mlangoni pake kila alfajiri. Hayo sisi twayajua, na sinia lile tulilibeba wenyewe tulipokuwa wadogo. Lakini yaliyofuata hatukupata kuyasikia. “Siku moja,” akasema, “mahamri hayakuumuka. Baba yako huyu alikuwa na homa, nikakesha naye. Kwa usingizi nikaitia hamira katika maji ya moto mno, ikafa. Nikayakaanga hivyo hivyo, kwa sababu unga ule ndio uliokuwa fedha yangu yote. Akaja mtu akauma moja, akalirejesha juu ya sinia mbele ya wateja, akasema, haya ni mawe.”

“Ukafanya nini, Bibi?” akauliza kijana.

“Nikauza yaliyobaki.”

Hakuongeza neno. Aliomba maji, akanywa.

Hapo ndipo tulipopata ulimi wetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwa na desturi ya kutia chakula ila hata mara moja, alichokipenda alikila, na asichokipenda alikiacha. Ajabu ya khabari hii ni kuwa haimlazimishi mtu kula asichokitaka. Aliwahi kuletewa, katika nyumba ya bibi Maimuna (R.A.), nyama ya mnyama wa jangwani mfano wa kenge, iliyookwa, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.), aliyekuwapo, akauliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Basi Khalid akaivuta kwake, akala, na Mtume akimtazama. Tazameni namna alivyokataa: sababu aliiweka katika nafsi yake mwenyewe, hakuiweka katika chakula wala katika mkono wa aliyekipika, na mwenzake akabaki na hamu yake.

Tena iko hadithi nyingine ya Abu Huraira katika vitabu hivyo hivyo, ambayo twaona husahauliwa mno majumbani mwetu. Yamtaka mtu aletewapo chakula na mtumishi wake amketishe ale pamoja naye, au kwa uchache ampe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipata joto la moto wake. Sisi twaketi mbali na joto hilo, kisha ndio wepesi wa kuhukumu.

Kijana wetu si mjinga. Akatuuliza: “Basi, baba, mtu akiniuzia kilichooza ninyamaze?” La, hasha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akautia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini yake. Hakunyamaza. Alimwuliza mwenye mali, na aliposema imenyeshewa na mvua, alimtaka aiweke juu watu waione, akaonya kuwa adanganyaye si katika sisi. Imo katika Sahihi ya Muslim. Uoza, uchafu, kipimo pungufu na bei ya hila ni haki za mnunuzi na za wanunuzi wenziwe, na kuzisema ni wajibu. Lakini unga kuwa mzito asubuhi moja si khiana.

Wakati wote huo binti yetu alikuwa kimya, ameshika simu yake. Mama yake akamwuliza ana nini. Kumbe alikuwa amekwisha piga picha ya sahani ile, na mlango wa nyumba ile nyuma yake, akaipeleka katika kundi la simu la jamaa na wanafunzi wenziwe, na chini yake akaandika mbili juu ya kumi. Zamani neno baya la mteja liliishia mwisho wa kichochoro. Siku hizi mtu akiwa angali anatafuna huwahukumia watu mia, na aliyehukumiwa yuko jikoni, hana khabari kuwa ameshitakiwa. Kumsema mwenzio nyuma yake kwa jambo alichukialo, hata likiwa kweli, ndiyo ghiba yenyewe, wala hatujui kuwa picha yaipunguzia dhambi.

Akaifuta. Lakini wengi walikuwa wamekwisha iona, na mmoja wao alikuwa ameutambua mlango, akaandika kuwa yeye naye hali tena pale. Hatukumwamrisha binti la kufanya. Baada ya kitambo alituonyesha alichokiandika mahali pale pale: kwamba amekosa, kwamba mama yule aliwapa viazi viwili bure, na kwamba amtakaye viazi vya karai aende akajaribu mwenyewe. Tulimrejeshea simu yake.

Baada ya swala ya adhuhuri tulikula biriani katika hoteli kubwa, jina lake tutalihifadhi. Biriani yetu ya pwani si pilau. Katika pilau mchele huivia ndani ya supu ya nyama na bizari. Biriani hupikwa vyungu viwili, masala ya nyama yenye mtindi na vitunguu vya kukaanga mbali, na wali mbali, ukapambwa kwa zafarani au rangi, vikakutana sahanini. Tuliagiza sahani tatu kwa watu sita zikatutosha, kwani hoteli zetu hupakua kwa mkono mkunjufu, na amwagiziaye kila mtoto sahani yake aghalabu hurudisha nusu jikoni. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imetuhalalishia kula na kunywa, ikatukataza israfu.

Daftari lilitoka tena. Tuliona ile nyumba ya ladha imepigwa mstari wa wino toka juu hata chini, na hatukumwuliza. Lakini nyumba ya bei ilikuwa hai, nayo ilitufaa. Hati ya hesabu ilipoletwa, kijana alitunong’oneza sikioni kuwa imeandikwa sahani nne. Tulimwita mhudumu kando, tukamwonyesha. Akahesabu sahani, akaomba radhi, akasahihisha, tukalipa shilingi 1,750 badala ya 2,200. Hapakuwa na sauti iliyopanda.

Alasiri tuliimalizia ufukweni, pale penye mibuyu ya kale, pawanjani pa Lighthouse, ambapo mwaka 2019 palitengenezwa upya. Mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu, madafu, na meli zikipita karibu mtu aweza kusoma majina yake. Hapo mama watoto aliketi kweli kweli, miguu ameinyosha, mpaka akasinzia.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa na shilingi 390. Kijana akatuomba turudi kwa njia ya kule kule vichochoroni. Bibi yao alikuwa amechoka, lakini yeye ndiye wa kwanza kuinuka.

Yule mama alikuwa akiosha karai lake. Kijana akamwamkia, akasimama, na ule usemi wote aliokuwa ameupanga njiani ukampotea. Alichoweza kusema ni: “Mama, asubuhi nilisema vibaya. Naomba unisamehe.” Mama akaifuta mikono yake kwa leso, akamtazama kwa kitambo.

“Nimekusamehe, mwanangu. Unga ule ulikuwa mzito kweli. Gesi iliniishia katikati ya kazi, nikauacha ukakaa mno.” Kisha akauliza: “Uliniandikia ngapi?”

Kijana akatutazama, nasi tukatazama pembeni. “Mbili,” akasema.

Mama akacheka mpaka akaketi juu ya benchi. Alikuwa na viazi vya jioni vilivyobaki katika bakuli, tukavinunua vyote kwa shilingi 200. “Siku nyingine njooni mapema,” akasema akivifunga, “mafuta yakiwa mapya.”