Bosi ana hesabu yake, injini nayo ina yake

Wiki hii naongea na madereva wa bodaboda wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda mpaka Murongo, mpakani na Uganda. Nyie wa Dar msifungue ukurasa mwingine, injini ni zilezile.

Huku Karagwe na Kyerwa vilima havikupi nafasi ya kupumua. Unapakia mikungu ya ndizi, mwenye ndizi naye anakaa juu yake, unaanza kupanda. Katikati ya mlima pikipiki inakohoa kama babu aliyevuta kiko. Unaipeleka kwa fundi, anapiga kiki mara mbili, anatikisa kichwa: "Kompresheni imekufa, kaka. Tuchonge hedi irudishe nguvu." Na mfukoni una hesabu ya bosi tu! Kabla hujatoa hata mia, tupige kwanza hesabu ya injini.

Vijiweni neno "kompresheni" linabeba vitu viwili. Kimoja ni uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi pistoni inapotoka chini kwenda juu. Hiyo ni namba ya umbo la injini, unaipata kwa kupima nafasi. Kingine ni presha, yaani nguvu ya hewa iliyobanwa. Hiyo inapimwa kwa geji. Anayevichanganya hivi viwili anakula hela yako bure, hata kama hana nia mbaya.

Haya, toa kalamu. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zimenakili injini ya Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Geuza ziwe sentimita: 5.65 na 4.95. Sasa kumbuka lile duara ulilolikimbia shuleni: kipenyo mara kipenyo, mara 0.7854, mara mwendo wa pistoni. Unapata kama cc 124. Ndiyo hiyo "125" iliyoandikwa ubavuni.

Bado chumba cha juu, ile nafasi inayobaki pistoni ikiwa imefika kileleni. Fungua plagi, zungusha injini mpaka pistoni iwe juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga. Inamisha pikipiki ili tundu la plagi litazame juu. Chukua bomba la sindano jipya la duka la dawa, jaza oili nyepesi mpaka chini ya nyuzi za plagi, huku ukihesabu. Mililita moja ni cc moja. Fanya haraka, maana oili ikizama yenyewe, ringi zinavujisha, na hilo nalo ni jibu. Ukimaliza inyonye, kisha piga kiki bila plagi mpaka iishe. Usiwashe injini ikiwa na oili humo, utapinda konirodi.

Tuseme umepata cc 15.5. Jumlisha na 124, ni 139.5. Gawanya kwa 15.5: jibu ni 9. Yaani 9 kwa 1. Kwisha kazi! Injini ya petroli ya kawaida hucheza humo humo. Mashine ya dizeli ya kukobolea kahawa hufika 16 mpaka 20 kwa 1, ndiyo maana haihitaji plagi: hewa inabanwa mpaka joto lake linawasha dizeli.

Sasa turudi kwa yule wa kuchonga. Akila milimita 1 ya hedi, chumba kinaweza kupungua mpaka cc 2.5, zinabaki 13. Piga tena: 137 gawanya kwa 13, ni 10.5. Milimita moja tu! Kwa petroli ya kawaida na mzigo wa ndizi, injini inaweza kuanza kugonga, na pistoni ikatoboka. Na hedi ikishachongwa hairudi.

Siri nyingine ni mlima wenyewe. Uwiano haujui mwinuko: 9 kwa 1 ya Kariakoo ni 9 kwa 1 ya Kayanga. Presha inajua. Kwenye mita 1,500 juu ya bahari hewa imepungua kama asilimia 16, hivyo geji iliyosoma 150 Dar itasoma kama 125 huku, kwa injini ileile iliyo nzima. Fundi akiilinganisha na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani, mgonjwa ni ulinganisho wake, siyo pikipiki.

Kwa hiyo ikikohoa mlimani, anza na vya bei rahisi: safisha chujio la hewa, angalia plagi, rekebisha valvu, mwambie fundi atazame kabureta, maana hewa nyepesi inaweza kufanya petroli izidi. Kama bado, pima presha, tia kijiko cha oili kwenye silinda, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia valvu na gasketi.

Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza, "Umepata cc ngapi?" Akianza kufoka, sukuma pikipiki yako taratibu mpaka kwa jirani yake. Bosi hatasubiri, lakini hedi iliyochongwa bure haimlipi yeye wala wewe. Au siyo?