Baraka: Ziwa likifungwa, mtumbwi nao unakauka

Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kwenye Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili ndagala na mikeke wazaane. Sababu inaeleweka. Lakini huko Baraka na Fizi miezi hiyo ni ya kiangazi: mtumbwi ukilala ufukweni juani, mbao zinakauka na kuachana. Kabla ya kurudi majini, fundi anapaswa kuziba nyufa kwa pamba na kupigilia misumari upya, wakati mwenye mtumbwi hana hata samaki wa kuuza. Tena kwa watu wa Ubwari chombo hicho ndicho barabara: kinabeba mgonjwa, mihogo, mizigo ya sokoni. Wanaopanga tarehe wangehesabu pia malipo ya fundi. Asiyeyaweza atapiga kafi katika mtumbwi unaovuja, pepo za kusini zikivuma.