Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Kuitetea Shahada Mseto



Umemaliza kidato cha sita, na barua ya chuo imekufikia. Chuo chenyewe ni kidogo, na shahada uliyopewa imechanganya uchumi, siasa, sosholojia na maadili. Mjomba wako ameuliza mbele ya watu: "Daktari anajulikana, mhandisi anajulikana. Wewe ukihitimu utaitwa nani?" Nawe ukanyamaza. Leo nataka nikupe jibu, kwa maana kunyamaza kwako ndiko kunakowapa nguvu wanaoidharau elimu hiyo.

Dharau hii haikuanzia kwa mjomba. Hapa Uganda imekuwa sera. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa sanaa, aliyesoma miaka ileile, aliachwa na takriban milioni 1. Mwezi Juni walimu wakagoma. Mwezi Julai wa mwaka huohuo, baraza la mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kipendekezwe kufundishwa kwa lazima shuleni. Tafakari jambo hilo: taifa linakihitaji Kiswahili, ila anayekifundisha linamhesabu kuwa robo ya mtu. Nami ninayekuandikia ni mwalimu wa somo hilo. Kwa hiyo usidhani nazungumzia shida ya jirani.

Rais Yoweri Museveni amesema hadharani, tena zaidi ya mara moja, kwamba nchi inahitaji sayansi kuliko sanaa. Ni haki yake kusema. Lakini ni haki yetu pia kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alihitimu mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa amesoma siasa na uchumi. Chuo hicho kilikuwa bado kichanga na kidogo. Kilianza mwaka 1961 kwa kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la kuazima. Hapo ndipo alipofundisha Walter Rodney, mwanahistoria aliyekataa kuitenga historia na uchumi. Ikiwa elimu ya namna hiyo ilifaa kumlea kiongozi wa nchi, iweje leo isimfae mtoto wa mkulima?

Watasema: hiyo ni siasa, tuonyeshe faida. Haya, twende Bududa.

Tarehe 1 Machi 2010, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Nametsi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Serikali iliwahamishia baadhi ya manusura Kiryandongo, mbali sana na kwao. Baadaye wako waliorudi mlimani. Kwa nini mtu arudi penye mauti? Mwanajiolojia atakueleza habari za mvua na udongo, na atasema kweli. Mchumi ataiona kahawa inayositawi katika udongo uleule unaoua. Mwanaanthropolojia atayaona makaburi ya wazee na tohara ya imbalu, ambayo kwa Wagisu haitengani na ukoo wala nchi yao. Mwanasheria atauliza: huko ugenini, hati ya ardhi iko mkononi mwa nani? Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja akiachiwa peke yake atashauri vibaya. Anatakiwa mtu wa kuziunganisha sehemu hizo kabla ya lori la kuwahamisha watu halijawashwa. Matatizo ya wanadamu hayaji yamegawanywa kwa idara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na udogo wa chuo je? Kule Nkozi, karibu na mstari wa Ikweta, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilifunguliwa mwaka 1993, na tangu mwanzo kilifundisha maadili pamoja na masomo ya maendeleo. Hakikungoja kiwe kikubwa ndipo kiwaze mambo makubwa. Katika ukumbi wa wanafunzi 500 unaweza kusinzia miaka mitatu na mhadhiri asijue jina lako. Katika darasa la watu 20, hoja yako dhaifu haina pa kujificha. Utaulizwa, utajibu, utasahihishwa. Huko ndiko kusoma.

Lakini sitakuficha kasoro. Vipo vyuo vinavyoanzisha shahada hizi kwa sababu hazidai maabara: mhadhiri mmoja hubebeshwa masomo manne, na maandishi yaleyale husomwa mwaka hadi mwaka. Mseto mzuri hutaka mchele na choroko viive pamoja. Kilichopikwa nusunusu ni mbichi tu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, uliza. Je, kozi imepata ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu? Je, nitafundishwa takwimu, au maneno matupu? Je, nitatumwa vijijini kufanya utafiti, nikae na watu, niwasikilize kwa lugha yao? Wahadhiri wa kudumu ni wangapi? Wakikujibu kwa kigugumizi, ondoka. Kuitetea elimu si kuwatetea wachuuzi wake.

Wakikujibu vyema, nenda usome, wala usiombe radhi. Na mjomba akikuuliza tena utaitwa nani, mjibu kwa adabu: "Mjomba, mimi ndiye nitakayeulizwa kwa nini watu walirudi mlimani, na nitakuwa na jibu."

Zoezi la wiki hii: chagua tatizo moja la kijijini kwenu. Lieleze kwa Kiswahili katika aya tatu, kila aya kwa jicho la taaluma moja. Kisha andika ya nne, uonyeshe ni jambo gani lisingeonekana kama ungetumia jicho moja tu.