Ngwala ya Dakika Tatu

Ndugu msomaji, kama ulikuwa shuleni muhula uliopita bila shaka ulizisikia kelele zilizotoka katika chumba cha sataranji. Wapo waliodhani watu wanapigana. Hakuna aliyepigana. Ulikuwa ni ubishi tu, tena ubishi juu ya ufunguzi mmoja uitwao gambiti ya Stafford. Kundi la kwanza lilitaka ufunguzi huo upigwe marufuku chamani kwa kuwa, eti, ni uongo mtupu na unawaharibu wadogo zetu. Kundi la pili, ambalo lilikuwa limerudi kutoka likizoni likiwa na pointi tele za mtandaoni, lilitaka timu ya kwenda mashindano iteuliwe kwa pointi hizo hizo. Mimi nasema makundi yote mawili yamepotoka, na yamepotoka mahali pamoja: yote mawili yamesahau kutazama saa.

Kwa faida ya wasomaji ambao sataranji huiona kwa mbali tu, gambiti ni ile hali ya mchezaji kutoa kete yake makusudi mwanzoni mwa mchezo ili apate kitu kingine, kwa mfano nafasi ya kushambulia. Neno lenyewe limetoka katika Kiitaliano na maana yake ya asili ni kumtega mtu mguu aanguke. Kwa Kiswahili chetu, hiyo ni ngwala. Wanamieleka wanaijua sana. Basi Stafford ni ngwala, wala si kitu kingine.

Hebu tuweke ubao mezani. Mweupe anaanza kwa kumsukuma askari wake hadi e4, Mweusi anamjibu kwa e5. Mweupe anamtoa farasi f3, anamtishia yule askari wa e5. Mweusi hamlindi askari wake. Naye anamtoa farasi f6, anamtishia askari wa e4. Mpaka hapa hakuna ubaya wowote. Huu ni ulinzi wa Petroff, ufunguzi wa heshima ambao Fabiano Caruana aliutumia hata alipokuwa akigombea ubingwa wa dunia na Magnus Carlsen kule London mwaka wa 2018. Mweupe sasa anamla askari wa e5. Mtu mwenye adabu zake angesukuma askari d6, amfukuze yule farasi, kisha airudishe mali yake polepole. Mchezaji wa Stafford hana habari na hayo. Anamtoa farasi wa pili, c6, kana kwamba hajaona alicholiwa! Farasi wa Mweupe anamla farasi huyo, askari wa d wa Mweusi anamla aliyekula, na vumbi likitulia Mweusi amepungukiwa na askari mmoja mzima.

Alichonunua kwa askari huyo ni njia. Maaskofu wake wote wawili wako wazi, malkia wake anautazama mstari wa d mpaka chini, na farasi wake tayari yuko nje. Mweupe ana nini nje? Askari mmoja tu, pale e4. Wengine wote bado wamelala nyumbani.

Sasa angalia. Mweupe anasukuma d3 ili amlinde askari wake. Mweusi anampeleka askofu c5. Mweupe, ambaye ana askari wa ziada na moyo umemtulia, anaona farasi wa f6 amesimama mbele ya malkia wake, basi anampeleka askofu g5 amfunge. Ni hatua ambayo sote tulifundishwa na kusifiwa kwayo. Kumbe ndilo kaburi! Farasi aliyedhaniwa amefungwa anaruka, anamla askari wa e4 na kumwacha malkia wake mwenyewe bila kinga. Mweupe akimla malkia kwa furaha, askofu wa c5 anamla askari wa f2: cheki. Mfalme ana mahali pamoja tu pa kukimbilia, e2, na askofu wa pili anatua g4: chekimeti. Hatua nane, mchezo umekwisha, na chai haijapoa. Akiwa mwerevu kidogo akamwacha malkia, akamla farasi kwa askari wa d, bado hajapona. Askofu anajitosa f2 vile vile, mfalme akimla, malkia mweusi anateremka mpaka d1 na kumla mwenzake.

Ni tamu, sikatai. Eric Rosen, mchezaji wa Marekani mwenye cheo cha Bingwa wa Kimataifa, ndiye aliyeifanya Stafford ijulikane sana kwa vijana wa mtandaoni, hasa miaka ya 2020 na 2021, na mtu akiitazama mara moja anataka aijaribu usiku huo huo.

Lakini dawa yake ipo, na si ngumu. Badala ya kwenda g5, askofu anakaa e2, kimya kimya. Baadaye c3, halafu d4, na askofu wa c5 anakuta ukuta mbele yake. Ukiuliza Stockfish, programu ya sataranji inayopatikana bure, itakwambia Mweupe akicheza sawasawa anapata faida iliyozidi hata thamani ya yule askari aliyetolewa. Kwa maneno mengine, Stafford ni ufunguzi mbovu. Hilo halina ubishi, na wanaoipenda wakubali tu.

Mbona basi inashinda? Fanya hesabu. Katika mchezo wa dakika 3 kwa kila mchezaji, ambao ndio wengi wetu huucheza kwenye simu za nyumbani, ukigawa dakika hizo kwa hatua 40 unapata sekunde nne na nusu kwa hatua moja. Katika sekunde nne na nusu jicho huona g5 kwanza. Askofu wa e2 anaonekana mwoga, hamtishi mtu, na nani ana muda wa kumfikiria mwoga? Tena mtandaoni kuna ule mtindo wa kuipanga hatua yako kabla mwenzako hajacheza ili usipoteze hata sekunde. Mtu wa namna hiyo anamwekea Stafford shingo mwenyewe. Mweusi amekopa askari mmoja, ndiyo, lakini deni hilo linadaiwa na mtu asiye na nafasi ya kufungua daftari.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema huu ni uongo. Mwongo huficha. Katika karata mwenzako ana majani usiyoyaona, lakini katika sataranji kila kete iko mbele ya macho yako, na yule farasi wa e4 hakutoka mfukoni. Kasome ubao! Pale nje ya vibanda, mafundi wa drafti hulisha kete moja wakala tatu kwa vizibo vya soda, na sijasikia mtu akiwaita waongo. Watu husimama wakapiga makofi. Na kumbuka katika drafti kula ni lazima, ilhali katika sataranji unaweza kukikataa ulichowekewa. Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana alitukumbusha katika ubishi ule kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kwa heshima zote, Mwalimu, uongo wa sataranji ni mwingine kabisa: ni kuificha simu chini ya dawati na kuiuliza injini hatua inayofuata. Tangu Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov kule New York mwaka wa 1997, hakuna siri tena kwamba mashine inaweza kumpita bingwa, na leo simu ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo. Nguvu za marufuku zielekezwe huko.

Wala si jambo geni mtu kushinda kwa hatua ambayo ikichunguzwa kwa utulivu inaonekana ina matundu. Mikhail Tal, aliyezaliwa Riga, alimnyang'anya Botvinnik ubingwa wa dunia mwaka wa 1960 akiwa na miaka 23 tu. Alitoa farasi, akatoa maaskofu, akawasha moto ubao mzima. Baadaye wachambuzi walikaa majumbani na kugundua kwamba baadhi ya kafara zile zilikuwa na majibu. Majumbani! Mpinzani wake hakuwa nyumbani, alikuwa mezani na saa inatembea.

Hapa kundi la pili wanatabasamu, wanadhani nimekuwa wao. Ngojeni. Mwaka uliofuata, 1961, Botvinnik alijiandaa vizuri akauchukua tena ubingwa wake. Na mwaka wa 1918, huko huko New York, Frank Marshall alimtokea José Raúl Capablanca na shambulio jipya, akatoa askari katikati ya ubao. Capablanca alimla askari huyo, akakaa, akafikiri, akastahimili moto wote, akashinda. Shambulio lile wala halikuwa bovu, maana mabingwa wanalitumia hata leo. Ikiwa shambulio zima linaweza kuzimwa na mtu mwenye muda, Stafford itafika wapi?

Rudi kwenye hesabu yetu. Mpe kila mchezaji saa moja badala ya dakika 3. Hatua 40 zile zile, lakini sasa kila moja ina sekunde 90. Mpinzani ataiona e2. Akiisha kuiona, Mweusi atabaki na askari pungufu na mchezo mrefu wa kuteseka, akilinda, akihesabu, akingoja kosa ambalo huenda lisije. Hapo ndipo tunapomjua mchezaji. Na hapo, jamani, ndipo baadhi ya mashujaa wetu wa mtandaoni wanapokwama, kwa sababu hawajawahi kufika. Mtu ambaye michezo yake mingi huisha hatua ya 8 atajifunza lini kumsindikiza askari mpaka awe malkia? Atajua vipi kucheza na mfalme na ngome peke yake? Ninao wenzangu wanaoijua mitego yote ya Stafford kwa moyo, lakini waulize kwa nini e2 inawaua, watakuangalia tu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatari kwa wadogo zetu, wala si huo unaoitwa uongo. Afadhali wafundishwe Stafford pande zote mbili, wiki hii Mweusi na wiki ijayo Mweupe, kuliko kuwakataza. Wakikatazwa wataicheza gizani baada ya prepo bila mtu wa kuwaonyesha tundu lake.

Sasa suala la pointi. Pointi hizi, ambazo hukokotolewa kwa njia inayofanana na ile aliyoibuni Arpad Elo na kukubaliwa na FIDE, Shirikisho la Sataranji Duniani, mwaka wa 1970, hupima jambo moja: umefanya nini dhidi ya watu uliokutana nao, katika mchezo wa aina hiyo. Hazijui lolote zaidi. FIDE yenyewe ina orodha tatu, moja ya michezo mirefu, moja ya michezo ya haraka, na moja ya ile ya kasi zaidi. Mitandao nayo huzitenganisha hivyo hivyo. Iwapo wenye mchezo wamezitenganisha, sisi ni nani hata tuchukue pointi za dakika 3 tukachague nazo watu wa kwenda kukaa saa nzima mezani? Tena kuna haki ya wenzetu. Katika chama chetu wamo wasio na simu nyumbani, na wapo ambao kwao mtandao unafika kwa kubahatisha. Hao hawana pointi hata moja ya mtandaoni, na wawili kati yao hawajashindwa mezani mwaka huu. Tukifuata pendekezo lile watabaki shuleni wakituombea dua.

Pendekezo langu ni hili. Kabla ya timu kutajwa, kila anayetaka nafasi acheze michezo miwili mezani, mmoja akiwa Mweupe na mwingine Mweusi, saa moja kwa kila mchezaji, na hatua zote ziandikwe kwa kalamu ili mtu asije akasema baadaye aliibiwa. Anayeiamini Stafford aicheze hapo hapo, asikatazwe. Shida iliyopo ni saa za sataranji: tunazo mbili tu, na moja kitufe chake hakibonyezeki mpaka ukipige. Namwomba Mwalimu mlezi wetu atuombee nyingine mbili kabla ya muhula kwisha, na Jumamosi mbili za mchana. Vyumba tunavyo.