Eti Wananchi Hawana Mwamko

Tamasha la wilaya likiisha na viti vitupu, ofisa utamaduni ana sentensi yake tayari: wananchi hawana mwamko. Mwaka unaofuata bajeti ya uhamasishaji inaongezwa. Linapita gari la matangazo, zinagawiwa fulana zenye nembo ya mfadhili, analetwa msanii kutoka mjini. Viti vinabaki vitupu vile vile, na sentensi inarudiwa.

Anayeiamini sentensi hiyo aende Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wazaliwa wa pale wanaoishi mjini hurudi kwao. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini hupigana migomba, na kinyongo cha mwaka mzima huishia hapo hapo uwanjani, kweupe, mbele ya mashemeji. Wanawake huja wamependeza, wakiimba. Kinajengwa kibanda cha makuti, kinatiwa moto. Shamrashamra hizo huchukua siku nne, na nyumba isiyopata mgeni huona imekosa kitu, kwa hiyo hata mtalii aliyepotea njia hawezi kuondoka bila sahani ya wali.

Sasa niambieni, watazamaji pale ni akina nani? Ni sisi tuliotoka mjini na kamera zetu. Wenyeji wana shughuli. Kuna aliyekata migomba, aliyefunga makuti, aliyetafuta kuni, aliyekesha jikoni, na aliyekwenda kwa fundi cherehani mapema kabla foleni haijawa ndefu. Hao wote hakuna gari la matangazo lililowaamsha. Lakini fomu ya tathmini haina safu ya kuni wala ya wali. Ina safu moja tu, ya idadi ya waliohudhuria, na maana yake ni waliokaa mbele ya jukwaa wakasikiliza hotuba.

Lamu nako ni hivyo hivyo. Maulidi yanayofungamana na jina la mwanazuoni Habib Swaleh na msikiti wake wa Riyadha hujaza mji kila mwaka, na nyumba hupokea wageni hadi barazani. Kijana anayeshinda mbio za punda za siku hizo si mwanamichezo aliyeletwa na kamati. Punda ni kazi yake, jana alikuwa akipakia mchanga.

Wapo watakaosema bila wafadhili na watalii mambo haya yatakufa. Fedha ya wageni ni ya kweli, muuza urojo analijua hilo kuliko mimi. Lakini tuitazame Sauti za Busara, tamasha kubwa la muziki lililoanza mwaka 2004 katika Ngome Kongwe, Zanzibar mjini. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Silitaji kwa kejeli, maana nalipenda, na limewapa vijana wengi kazi na jukwaa. Ila muziki wa aina hiyo una mitambo ya kukodi na tiketi za ndege za wasanii, kwa hiyo hundi ikichelewa kila kitu kinasimama. Migomba ya Makunduchi haingoji hundi.

Kwa hiyo mwananchi asiyekwenda kwenye tamasha la wilaya hajalala. Ameliangalia, akaona siku imepangwa na ofisi katikati ya msimu wa kuvuna, ngoma ya kijiji chake imepewa dakika tano kati ya salamu mbili za viongozi, chakula kimeagizwa kwa mpishi wa mjini, na yeye kazi yake ni kukaa na kupiga makofi. Akaamua kwenda shambani. Uamuzi huo unahitaji macho yaliyo wazi kabisa.

Kamati ijaribu mara moja tu kuwaachia wenyeji wapange siku, wagawane kazi, waamue nani apike na nani aimbe. Mgeni rasmi aje, apewe sahani kama wageni wengine. Hotuba yake isomwe mwisho, moto ukishazimika, tuone nani amebaki kuisikiliza.