Sadaka ya Siri, Wakfu wa Wazi

"Tenda wema wende zako," ndiyo methali tuliyolelewa nayo, na watu wetu wa Pwani wameishika barabara. Kila mtaa una mama aoshaye maiti za wanawake miaka nenda miaka rudi, asipokee hata kipande cha sabuni. Una mzee aamkaye kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kulisafisha birika la msikiti, na mwalimu asomeshaye watoto wa jirani barazani kwake bila ya ada. Hawatajwi, wala hawapendi kutajwa. Nao wamefuata mafunzo ya dini, kwani sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui ulichotoa wa kulia.

Lakini ninalo neno na wazee wangu hawa, na nalisema kwa heshima zote. Siri iliyowafaa uhaini haitawafaa wakisha kuondoka.

Mtu wa namna hii afikapo uzeeni hutamani kuacha kitu. Basi humwambia mkewe usiku, au rafikiye baada ya sala ya isha: "Ile nyumba yangu ya pili, nikifa, iwe chuo." Yamekwisha. Hakuna waraka, hakuna mashahidi, kadhi hana habari. Akishazikwa, mrithi mmoja asema hakusikia, wa pili asema marehemu alikuwa taabani na maradhi, wa tatu yuko Jidda na hakuulizwa. Na kiwanja cha Pwani leo si bei ya zama za babu zetu. Dalali hubisha hodi hata arubaini haijafika. Mikeka ya watoto yatolewa nje. Hapo wengi huwalaani warithi. Mimi siwalaani. Mali ya maiti, baada ya mazishi na madeni, ni haki yao mpaka ithibitike vingine, na mwenye kutaka vingine alikuwa na umri mzima wa kuthibitisha.

Na sheria yenyewe si ngumu hata ikimbiwe. Wasia mwisho wake ni theluthi moja, tena usiwe wa mrithi ila warithi wenziwe waridhie. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake, Mtume (S.A.W.) alimsimamisha kwenye theluthi, na hata hiyo akaiona ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono. Basi mwenye minazi tisa asiusie zaidi ya mitatu. Na asiione haba! Minazi ya wakfu ndiyo iliyonunua mafuta ya taa na mikeka katika misikiti yetu mingi ya zamani.

Wakfu, kwa maoni yangu, wapita wasia, kwa kuwa mtu huuweka angali hai akauona ukifanya kazi. Kikishawekwa wakfu kitu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi, kama alivyofanya Sayyidna Umar kwa shamba lake la Khaybar. Ila asingoje maradhi ya kufa, maana hapo warudi kwenye hesabu ile ile ya theluthi. Nchini kwetu wakfu una sheria yake tangu zamani, ikatungwa upya 2022, na Katiba ya 2010 imewaachia makadhi mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao. Mlango upo.

Jingine ni matengenezo. Twapenda mno kuchimba visima, lakini pampu ikiharibika hakuna wa kuinunua. Afadhali chumba kimoja cha duka, kodi yake ikitunze kisima cha mwingine, ijapokuwa duka halisomewi dua kwa shangwe kama kisima.

Je, yule mama aoshaye maiti, asiye na nyumba wala mnazi? Yeye anayo elimu, na elimu yenye manufaa ni katika yale matatu yasiyokatika mtu akifa. Wanaojua kazi yake wanapungua, na mitaa mingine tayari huazima muoshaji kwa jirani. Naye asiifiche. Awatwae wasichana wawili wa mtaani wamshikie ndoo na kafuri, wajifunze kukata zile nguo tano za sanda ya mwanamke, angali ana nguvu za kuinama.