Nani alikuambia usiku ni wa wachawi?



Mzee mmoja ninayemchunga huko Nyamira, amepita miaka 80, huweka ndoo chumbani. Nilimuuliza kama miguu imemshinda kufika chooni. Akacheka. "Pasta, miguu iko sawa. Naogopa kuonekana nje saa nane za usiku."

Unajua anachoogopa, kwa sababu mimi na wewe ni wa hapa. Mwaka 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto Kisii wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa madai hayo hayo. Na hadi leo mtu akionekana amesimama peke yake uani usiku, jina la kwanza tunalompa ni omorogi.

Sasa nikuambie kilicho juu ya paa lako mwezi huu. Mwishoni mwa Februari, karibu saa saba usiku, itafute nyota ng'avu iitwayo Regulus, ya kundinyota la Simba. Iko karibu na utosi, kidogo upande wa kaskazini. Nyoosha mkono, upime ngumi mbili kuelekea kusini. Hapo ipo galaksi NGC 3115. Jicho tupu halitaiona, lakini darubini ndogo itakuonyesha kama ukucha mwembamba wa mwanga. Umbo lake ni la punje ya dengu iliyotazamwa kwa ubavu: imenona katikati, imechongoka pande mbili, haina ile mikono ya kujizungusha ambayo galaksi yetu inayo. Gesi yake karibu imekwisha, kwa hiyo nyota mpya ni haba. Katikati kuna shimo jeusi linalokadiriwa kuwa na uzito wa jua letu mara bilioni moja au zaidi. Na pembeni yake ipo galaksi ndogo, hafifu, inayoandamana nayo.

Mwanga wake umesafiri takriban miaka milioni 32 kutufikia. (Najua kuna atakayeniuliza umri wa dunia. Ndugu, leo niache kwanza.)

Aliyeiona kwanza kwa darubini ni William Herschel, kule Uingereza, tarehe 22 Februari 1787. Kazi yake ilikuwa kukesha katika baridi akipepesa anga, huku dada yake Caroline akiandika kila alichokitaja. Hebu fikiria: mwanamume na dada yake, macho usiku kucha, na chombo cha ajabu uani, usiku baada ya usiku. Hapa kwetu wangemaliza mwezi?

Sisi wahubiri tusijitoe. Tumeshika maikrofoni miaka mingi tukiukemea usiku kama shamba la shetani, na kijana aliyetusikia Jumapili akabeba kiberiti Jumatano. Nami nimo. Lakini ukisoma Mwanzo 15, ni Mungu mwenyewe aliyemtoa Abrahamu nje, mzee asiye na mtoto, akamwambia atazame juu azihesabu nyota. Mzee, nje, usiku. Leo jirani yake angepiga nduru.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ukinikasirikia sawa: mkristo anayenong'ona kwamba bibi fulani ameonekana nje usiku ameshiriki kuwasha ule moto, hata kama hakuwepo. Ukisikia nong'ono hiyo, ikatize hapo hapo. Ukiona watu wanakusanyika kwa nyumba ya mtu, piga simu kwa chifu na polisi kabla ya kuanza kuomba. Utaomba ukisubiri.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu tuna kesha. Saa saba kamili tutazima taa na vipaza sauti, tutoke uwanjani sote, watoto pia, mawingu yakituruhusu. Yule mzee amekubali kuja. Kiti chake kitawekwa katikati. Njoo na shuka, kuna umande.